Daraja Linalochezeka kwa Asilimia Mia Moja na Nne

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Tunamalizia kwenye ramani, kwa kuwa ramani yake bado inachorwa. Ni nchi njema, yenye watu wavumilivu na serikali inayowashukuru kwa uvumilivu huo kila Jumatatu redioni. Hospitali yake kuu ina milango yote isipokuwa ule wa kuingilia. Uwanja wake wa ndege umezinduliwa mara nne, na mara zote nne wageni waalikwa walifika kwa basi. Wala hakuna anayenung'unika, maana katiba, katika ukurasa ule uliokwisha kuchapwa, inasema wazi kwamba kitu kikizinduliwa kimekwisha.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja aitwaye Kidawa Mbelwa, aliyekuwa na udhaifu wa kupenda vitu vinavyofanya kazi. Alifundisha hisabati kwa miaka tisa, kisha akaacha chaki. Yeye na Mrisho Kaniki, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, walipanga chumba nyuma ya duka la mshona mapazia, wakaanza kutengeneza gemu la kompyuta. Kidawa alipiga hesabu za uzito na mwendo. Mrisho alichora, na mkono wake ulikuwa na baraka: akichora maji, unatamani kukunja suruali.

Gemu lenyewe waliliita Daraja. Mchezaji alipewa mto wenye hasira, kijiji upande huu, zahanati upande ule, na rundo la mbao, kamba na mawe. Kazi yake ilikuwa kujenga daraja kabla ya mvua, kisha kuwavusha watu mmoja mmoja: mama mjamzito, fundi mwenye baiskeli, mwalimu mwenye mbuzi. Ukifunga kamba vibaya, mbuzi ndiye wa kwanza kukujulisha.

Baada ya miaka miwili walikuwa wamekamilisha mto mmoja tu kati ya kumi. Kidawa akasema sasa watu wapewe wacheze, hivyo hivyo.

"Tutachekwa, dada," Mrisho alisema. "Mito tisa haina hata maji."

"Nyumba yenye chumba kimoja kilichoezekwa, mtu analala," Kidawa akamjibu. "Nyumba ya vyumba kumi visivyo na paa, hata mbwa anaikimbia mvua ikianza. Tuwape chumba kimoja, Mrisho, lakini kiwe chumba kweli. Kamba ivute kama kamba. Mtu akianguka ajue kwa nini kaanguka. Akienda kupika, akirudi alikute daraja lake pale pale alipoliacha, maana hakuna tusi kubwa kama kumfutia mtu kazi yake. Na akituambia hapa pana hitilafu, tumsikilize. Yakiwepo hayo gemu linachezeka, hata kama halijakwisha. Yasipokuwepo, hata likikwisha ni picha tu."

Mrisho alicheka, akasema mwalimu haachi kufundisha. Wakakubaliana. Kwenye ukurasa wa kwanza wa gemu Kidawa aliandika kwa mkono wake, na Mrisho akauingiza mwandiko huo kama ulivyo: *Gemu hili halijakwisha. Ukiona hitilafu tuandikie bila haya. Jina lako litabaki kwetu.*

Watu wakacheza. Walikuwa mia mbili, wakawa mia nne. Nao waliandika! Wananchi wa Tunamalizia hawakuwa wamewahi kuulizwa na mtu yeyote kama kitu walichopewa kina kasoro, na maswali ya miaka mingi yaliwatoka yote kwa mpigo. Kidawa alinunua daftari kubwa, akawa anaandika kila barua inapofika: jina, mtaa, hitilafu.

Aliyeandika kuliko wote alikuwa Bi Tausi Salehe wa Mtaa wa Ghalani, mkunga mstaafu wa miaka sabini na moja, ambaye magoti yalimweka ndani na bintiye akamletea kompyuta. Barua yake ya kwanza ilisema hivi:

*Kwako Kidawa. Nimeanguka mara sita. Mara tano ni uzembe wangu. Ya sita ni wako, jiwe la tatu linaelea. Halafu huyo mjamzito wenu anatembea kama mtu aliyebeba mtungi mtupu. Nimezalisha wanawake elfu mbili na hakuna hata mmoja aliyetembea hivyo. Rekebisha.*

Kidawa na Mrisho walihangaika na ule mwendo siku kumi na moja. Barua ya pili ilikuwa fupi: *Sasa ni mjamzito. Miezi minane, kama sikosei.* Hakukosea. Siku hiyo Kidawa alifunga safari hadi Mtaa wa Ghalani kumwamkia, akapewa chai ya tangawizi na kukaripiwa kwa saa mbili kuhusu mbuzi. Tangu hapo hakupita wiki bila kwenda. "We Kidawa," kikongwe alikuwa akianza kabla hata hodi haijaisha, "hivi mwanangu mnafikiri kamba ikilowa inabaki vile vile?"

Basi mambo yalikuwa yakienda vizuri, jambo ambalo nchini Tunamalizia haliachi kuvuta macho.

Mwaka huo taifa lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka hamsini ya kukaribia. Wizara ya Burudani na Subira ilikuwa imepewa jukumu la kutafuta mafanikio, na ilikuwa imetafuta kila mahali. Asubuhi moja magari saba yakasimama mbele ya duka la mapazia, akashuka Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Injinia Mfaume Lugendo, pamoja na watu kumi na wanne wa kumsaidia kushuka. Chumba kilikuwa na viti viwili. Waziri akakalia kimoja, mkoba wake ukakalia cha pili.

"Nimearifiwa kuwa mmejenga daraja," alisema.

"Moja, Mheshimiwa," Kidawa akajibu. "La kwenye kompyuta."

"Hayo hasa ndiyo tunayoyataka. Yale mengine yanatusumbua sana, maana watu wanataka kupita juu yake." Akafuta jasho. "Sasa, taifa linalichukua gemu hili liwe Gemu la Taifa. Tunataka madaraja mia moja. Sherehe ni baada ya siku arobaini."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Daraja moja limetuchukua miaka miwili."

"Miaka miwili kwa sababu mlikuwa mnalitengeneza. Sisi hatuwaombi mlitengeneze. Tunawaomba mlikamilishe." Waziri akageuka. "Na wewe kijana, mbona kimya? Ndiye unayechora?"

Kidawa alimtazama Mrisho akisubiri aseme lile walilokubaliana. Mrisho alikuwa anautazama mkoba ulioketi kwenye kiti chake.

"Kuchora, Mheshimiwa," akasema taratibu, "naweza kuchora mia."

Kabla ya Ijumaa kufika, Mrisho Kaniki alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Madaraja Yasiyolowa, mwenye ofisi yenye mlango na mtu wa kuufungua. Alimwambia Kidawa asihuzunike. Yeye ataingia ndani awe jicho lao. Mtu akiwa nje hawezi kurekebisha kitu. Kidawa alimwamini. Walikuwa wamegawana maandazi tangu wana miaka saba, na katika miaka yote hiyo Mrisho alikuwa akimpa kipande kikubwa.

Serikali ya Tunamalizia haifanyi mambo kienyeji, kwa hiyo iliundwa Kamati ya Taifa ya Kutathmini Uchezekaji, wajumbe kumi na mmoja, ikakaa hotelini siku tatu. Kidawa aliitwa kama shahidi. Alikuta kompyuta imewekwa katikati ya meza ndefu, imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti ya mtu maarufu.

"Mmeshalicheza, waheshimiwa?" aliuliza.

Mwenyekiti, Dakta Ngwira, alimtazama kwa masikitiko. "Binti yangu, tutachezaje kitu ambacho bado hatujathibitisha kwamba kinachezeka? Huo ni uvunjaji wa utaratibu."

"Mtathibitishaje bila kucheza?"

"Kwa nyaraka."

"Nyaraka haziwezi kuanguka mtoni, Mzee wangu. Mpeni mtu yeyote hapa, hata huyo dada anayegawa maji, acheze dakika kumi. Mtazameni usoni. Akianguka akasema 'ngoja nirudie', gemu linachezeka. Akianguka akainuka kitini, halichezeki."

Wajumbe waliyaandika maneno yake. Mmoja alitaka kujua kama huyo dada anayegawa maji amepata kibali cha kuwa na uso. Mjadala ukahamia kwenye posho ya uso, na Kidawa akaruhusiwa kuondoka.

Siku ya tatu kamati ilitangaza kwamba gemu linachezeka kwa asilimia mia moja na nne. Zile nne zilikuwa shukrani kwa Mheshimiwa Rais.

Toleo jipya likasambazwa kwa kila raia mwenye kompyuta, atake asitake, na lile la zamani likafutwa. Kidawa alilifungua chumbani kwake. Lo! Madaraja mia moja, kila moja zuri kuliko jingine: ya mawe, ya chuma, yenye taa, yenye sanamu za viongozi wakielekeza kidole upande wa pili. Mkono ule ule wenye baraka. Akamchukua mama mjamzito, akampandisha kwenye daraja la kwanza la mawe. Mama akapita katikati ya mawe kama anayepita kwenye moshi, akatumbukia mtoni, wala maji hayakuruka. Akajaribu la pili, la tatu, hadi la kumi na tisa. Yote picha. Akaenda kwenye mto wao wa zamani, ule wenye kamba na mbuzi. Huo bado ulifanya kazi. Akajenga daraja kwa saa nzima, akazima, akawasha. Daraja halikuwepo. Ili sanamu zile zipate nafasi, sehemu ya kuhifadhi kazi ya mchezaji ilikuwa imeondolewa.

Kidawa akajiambia kwamba Mrisho hakujua. Walimlazimisha. Atakuja kueleza.

Malalamiko yakamiminika, mia nne na kumi na mbili kwa wiki moja, yote kwake, kwa sababu watu walizoea kumwandikia yeye. Bi Tausi peke yake alileta tisa. *Kidawa, nimeanguka mara thelathini na hakuna hata moja iliyo yangu. Mmefanya nini?* Kidawa aliyaandika yote daftarini, jina, mtaa, hitilafu, akampelekea Mrisho ujumbe: njoo tuyapange, tuanze na kuhifadhi.

Wizara nayo haikulala. Gazeti la Serikali lilitoa ufafanuzi kwamba kinachoitwa na wachache "kuanguka" jina lake rasmi ni Usafiri wa Wima, ambao nchi jirani bado hazijaufikia. Kuhusu kupotea kwa kazi ya mchezaji, ilielezwa kwamba mzalendo huanza upya kila siku kwa furaha. Na kuhusu hao wachache, Waziri alisema redioni kwamba angependa sana kufahamiana nao.

Jumatano iliyofuata Kidawa alirudi kutoka sokoni akamkuta Mrisho amekaa chumbani, kwenye kiti chake cha zamani, amevaa suti. Alifurahi hata akasahau kuweka chini kikapu. Halafu akaona meza iko tupu.

"Daftari liko wapi, Mrisho?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa na wewe dawati moja miaka saba. Sikai tena. Daftari liko wapi?"

"Walitaka takwimu tu." Alikuwa akiongea na viatu vyake. "Mtu akikuomba takwimu utasema hapana?"

"Takwimu ni namba. Mle mlikuwa na majina ya watu na mitaa yao."

"Walisema namba bila majina haziaminiki."

"Niliwaahidi, Mrisho! Kwa mwandiko wangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyeuingiza."

Mrisho akainua uso, na kilichomuumiza Kidawa kuliko vyote ni kwamba uso ule haukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa umechoka, ukijiona una haki. "Ahadi ile ilikuwa kwenye toleo la kwanza, dada," alisema kwa upole. "Toleo lile limefutwa."

Alipoondoka aliacha juu ya meza bahasha ya mwaliko wa sherehe, yenye jina la Kidawa kwa wino wa dhahabu.

Wachezaji walianza kuitwa kuanzia siku iliyofuata, herufi kwa herufi. Hawakupigwa, wala hawakufokewa. Tunamalizia si nchi ya namna hiyo. Kila mmoja alipewa kiti, soda na karatasi iitwayo Hati ya Kutoanguka, ambamo alithibitisha kwamba hajawahi kuanguka kwenye daraja lolote, na kwamba kama aliwahi kuandika kinyume chake alikuwa na homa. Juu kabisa ya kila hati yalichapwa maneno haya: *Kwa mujibu wa daftari la Bi Kidawa Mbelwa.*

Bi Tausi alikataa kusaini. Alikataa siku ya kwanza, akakataa na ya pili. Siku ya tatu wakamwarifu kwamba binti yake Mwatumu, muuguzi wa hospitali kuu, amepata heshima ya kuhamishiwa hospitali ya mpakani, ambayo itajengwa. Aripoti Jumatatu, asubiri pale pale kwenye kiwanja. Bi Tausi akaomba kalamu.

Kidawa alipopata habari alikimbia hadi Mtaa wa Ghalani. Mwatumu ndiye aliyefungua mlango, akausimamia.

"Shangazi yangu amelala," akasema, ilhali wote wawili waliisikia sauti ya Bi Tausi ndani ikimwamuru paka ashuke kabatini, na wote wawili walijua kuwa si shangazi ni mama.

"Mwatumu, naomba nimweleze. Sikuwapa mimi."

"Daftari lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Na mwandiko?"

Mlango ukafungwa pole pole, kama unavyofungwa mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

Kwa hiyo alikwenda kwenye sherehe. Watu elfu mbili walijaa ukumbini, chini ya ile sehemu ya paa iliyokuwepo. Waziri alizungumza saa moja na nusu kuhusu ufupi wa maisha. Kisha Mheshimiwa Rais akaketishwa mbele ya kompyuta, na kioo kikubwa nyuma yake kikaonyesha daraja la mia moja. Rais akabonyeza kitufe. Mama mjamzito akapanda darajani na, ajabu, hakutumbukia. Alitembea kwa mwendo wa miezi minane, akavuka, akapungia mkono. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Kidawa alielewa mara moja. Hata hilo halikuwa gemu. Mrisho alikuwa amechora filamu nzima ya mama akivuka, na vidole vya Rais vilikuwa vinabonyeza hewa.

Akaitwa jukwaani kupokea cheti cha Mama wa Mchezo. Alipanda. Badala ya kunyoosha mkono kwenye cheti, alisogea kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa Rais, naomba umgeuze huyo mama. Mwambie arudi alikotoka."

Kule nyuma, Mrisho alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Rais, ambaye alikuwa amelipenda sana gemu lake, alibonyeza kitufe cha kurudi. Mama akaendelea mbele. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Mama akaendelea mbele, akipunga mkono. Kidawa alimtazama Rais usoni akingoja ule mwanga unaomjia mtu anapogundua kuwa amedanganywa.

Mwanga ulikuja. Rais alisimama, akanyanyua mikono yote miwili.

"Hili gemu ni la kwetu kweli!" alinguruma. "Mnaona wananchi? Halirudi nyuma!"

Vigelegele vya safari hii vilidondosha kipande cha dari. Mrisho alipiga makofi pamoja na wengine, na Kidawa aliona kwamba alikuwa analia, ila hakuweza kujua kama ni kwa aibu au kwa kupona. Hakumuuliza. Hawakusemeshana tena.

Mwisho wa mwaka Wizara ilitangaza kuwa malalamiko ya wachezaji yameshuka kutoka mia nne na kumi na mbili hadi sifuri, na takwimu hizo, kwa mara ya kwanza katika historia ya Wizara, zilikuwa za kweli. Mrisho alipandishwa cheo. Kidawa alirudi kufundisha hisabati. Lakini alikuwa ameficha nakala ya toleo la zamani, na kila alasiri baada ya vipindi aliufanyia kazi mto wa pili, peke yake, akichora maji kwa mkono usio na baraka. Ilimchukua mwaka na miezi minne. Ulipochezeka, kadiri alivyoweza kujua yeye, aliubeba hadi Mtaa wa Ghalani.

Safari hii alifunguliwa mlango. Bi Tausi alikuwa amekaa mkekani akishona kofia, na nyuzi zimetandazwa pajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Bi Kidawa. Karibu. Habari za kazi? Na nyumbani? Na wanafunzi hawajambo?"

Hakuwa amewahi kumwita Bi, wala kumuuliza habari tatu mfululizo. Chai ililetwa kwenye vikombe vya wageni. Kidawa alieleza yote, kuhusu daftari, kuhusu Mrisho, na kikongwe alisikiliza akitikisa kichwa kwa adabu, akasema yamepita, Mungu ndiye ajuaye. Kidawa akamwomba ajaribu mto mpya, dakika kumi tu.

Bi Tausi alisogezewa kompyuta. Alijenga kama zamani, haraka, akipima kamba kwa jicho. Akamvusha fundi. Akamvusha mbuzi. Akamleta mama mjamzito, na alipofika katikati ya daraja mama yule akazama ndani ya mbao hadi kiunoni, akaendelea kutembea hivyo hivyo, nusu mtu, mpaka mlangoni mwa zahanati. Kidawa aliiona hitilafu ile kwa mara ya kwanza na moyo wake ukaruka kwa furaha, kwa kuwa alijua atakachoambiwa.

"Vipi, Bibi?"

"Zuri sana," Bi Tausi alisema. "Linachezeka."

"Hukuona kitu pale katikati?"

Kikongwe aligeuka kwanza akautazama mlango. Kisha akautazama tena, kuhakikisha kama umefungwa.

"Sikuona kitu. Macho yangu siku hizi, Bi Kidawa. Uzee."

Akaisukuma kompyuta taratibu, akaichukua kofia yake, akakata uzi kwa meno, na kwa mara moja tu, bila hata kulisogelea dirisha, akaupitisha kwenye tundu la sindano.